Daftari Lililopanda Mlima: Historia ya Ofisi katika Nchi ya Ludewa

Anayesafiri kwenda Ludewa huiacha barabara kuu ya Makambako–Songea pale Itoni, Njombe, kisha hugeukia milima. Kutoka hapo hadi Manda, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, ni kilomita 211. Kipande kimoja cha njia hiyo, kilomita 50 kati ya Lusitu na Mawengi, kimejengwa kwa zege badala ya lami, kwa sababu miteremko ni mikali na mvua za huko hazina mchezo. Upande wa ziwani, Milima ya Livingstone inaporomoka hadi majini, na vijiji vya Wakisi na Wamanda vimebanwa kwenye ukanda mwembamba wa mwambao. Vingine kwa miaka mingi vilifikiwa kwa mtumbwi, kwa boti au kwa miguu tu.

Nchi ya namna hii huipima kila serikali. Amri hutolewa mbali, na kabla haijawa amri kwa mwananchi wa Lumbila au Lupingu ni lazima ipande mlima na kuteremka upande wa pili. Malalamiko ya mwananchi nayo yana safari hiyo hiyo ya kurudi. Historia ya ofisi katika nchi ya Ludewa ni historia ya safari za karatasi: ipi ilifika upesi, ipi ilichelewa, na ipi haikufika kabisa.

Siku hizi mtu akitamka neno urasimu huwa analalamika. Ana maana ya njoo kesho, ya mhusika hayupo, ya faili halionekani. Lakini Max Weber, mwanazuoni wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1920, alilichambua jambo hili kama namna maalumu ya kupanga kazi za watu wengi. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1922, baada ya kifo chake, alieleza sifa zake: kazi hugawanywa kwa kanuni, kila ofisa ana mkubwa wake, mtu hupewa kazi kwa ujuzi na hulipwa mshahara, mali ya ofisi haichanganywi na mali ya mwenye ofisi, na kila jambo huandikwa na kutunzwa. Weber aliuona mpango huo kuwa na nguvu kuliko tawala za kale za kindugu na za upendeleo. Aliona pia hatari yake: chombo kilichoundwa kutumikia watu chaweza kuwafungia kama ndani ya kizimba.

Weber aliijua serikali ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, kwa sababu aliishi chini yake. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyoleta daftari la kwanza la utawala kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa.

Kutoka kumbukumbu ya wazee hadi boma

Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa na utawala wake. Wapangwa wa milimani hawakuwa na mfalme mmoja. Waliongozwa na wakuu wa koo, na mashauri ya ardhi, ndoa na fidia yaliamuliwa mbele ya wazee waliokumbuka nani aliahidi nini na mpaka ulipita wapi. Wakisi wa ziwani walifinyanga vyungu na kuvibadilisha kwa chakula. Ushahidi ulikuwa wa midomo, na mwenye kumbukumbu nzuri alikuwa masijala ya jamii yake. Udhaifu wa utaratibu huo ni kwamba mzee akifa huondoka na sehemu ya kumbukumbu. Nguvu yake ni kwamba mwamuzi na mwamuliwa waliishi kijiji kimoja na kesho yake wangekutana njiani.

Mwaka 1893 Mjerumani Hermann von Wissmann alifika ziwani na meli ya mvuke iliyobebwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire. Katika pembe ya kaskazini-mashariki ya ziwa Wajerumani wakajenga kituo walichokiita Langenburg. Baada ya miaka michache makao yalihamia kwenye baridi ya Tukuyu, nayo yakaitwa Langenburg Mpya. Manda, kwenye mlango wa Mto Ruhuhu, ikawa bandari yenye jina la Wiedhafen, lango la kuelekea Songea. Basi tangu wakati huo nchi inayoitwa leo Ludewa ilikuwa pembezoni mwa ofisi za wengine. Mkubwa alikaa kwingine, na watu wakajulikana kwake kupitia karatasi.

Karatasi ya kwanza iliyomgusa kila mwenye nyumba ilikuwa ya kodi. Kuanzia mwaka 1898 sheria ya kodi ya nyumba ilitaka rupia tatu kwa kila nyumba ya kijijini, na asiyekuwa na fedha alitoa mazao au nguvu za mikono yake. Ili kutoza kodi ni lazima kuhesabu nyumba. Ili kuhesabu ni lazima kuandika. Na ili kuandika ni lazima kuwa na karani. Wajerumani walifungua shule za serikali, maarufu zaidi ikiwa ya Tanga, kuwafundisha vijana Kiswahili cha maandishi ya Kilatini na hesabu, kisha wakawatawanya kama makarani, maakida na walimu. Kiswahili kikawa lugha ya daftari. Hata leo maneno yao tunayatumia bila kukumbuka: shule ni neno lao, na hela ni sarafu ndogo waliyoitoa mwaka 1904.

Ofisi iliyokuja kuchukua tu haikuweza kupendwa. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipanda kutoka kusini na kufika nyanda za juu. Septemba mwaka huo Wabena waliokuwa chini ya Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe, na Wapangwa nao waliingia vitani. Jibu la Wajerumani lilikuwa kuchoma mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Lakini vita vilipokwisha, daftari la kodi lilibaki mahali pake.

Namba na kipande

Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliiteka nchi hii mwaka 1916. Njombe ikawa makao ya wilaya, na nchi ya Wapangwa, Wakisi na Wamanda ikatazama huko. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya serikali za wenyeji. Machifu walipewa mahakama, hazina na makarani, na sehemu ya kodi ikabaki kwenye hazina hizo kulipia mishahara na kazi za eneo. Kwa upande mmoja hii ilikuwa hatua. Kesi ikaandikwa kwa Kiswahili, faini ikatolewa stakabadhi, na mwananchi mwenye stakabadhi hakuweza kudaiwa mara mbili. Kwa upande mwingine, utawala huo ulihitaji machifu hata pale ambapo hapakuwa na desturi ya chifu mmoja. Kiongozi aliyekuwa akitegemea ridhaa ya ukoo wake akaanza kutegemea mshahara na muhuri wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Alipokosana na watu, waliomlinda walikuwa Njombe.

Kodi ilitaka fedha, na fedha milimani hazikuwapo za kutosha. Vijana wa Njombe wakateremka kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingine. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika la kuandikisha wafanyakazi, maarufu kama SILABU, ambalo mawakala wake waliwafuata vijana hadi nyanda za juu. Kijana aliandikishwa, akapewa namba, akasafirishwa kwa lori na treni. Kutokana na namba hiyo likatokea jina walilobandikwa wote: manamba. Kazi yake ilihesabiwa kwenye kipande, kadi yenye nafasi za siku 30. Siku moja ya kazi, alama moja. Kipande kisipojaa, mshahara hautoki.

Nalitaja neno hili kwa uzito. Lugha haisahau. Watu walipochagua jina la vijana wao hawakusema wakata mkonge wala wasafiri. Walisema wenye namba. Walijua kilichofanyika: mtu mwenye ukoo, mama na shamba amegeuzwa kuwa mstari katika orodha. Mwanahistoria James Giblin, aliyekaa na wazee wa Njombe na kuandika historia ya wilaya hiyo, alionyesha jinsi watu walivyoifanya familia kuwa kimbilio dhidi ya dola. Mkono wa ofisi ulipofika, watu walijikinga kwa ndugu.

Kuna orodha nyingine iliyokosekana wakati huo, nayo inasema mengi. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwapo tangu mwaka 1920, lakini lazima yake iliwahusu Wazungu na Waasia. Mwafrika wa Mlangali au Lugarawa aliingia kwenye daftari la serikali siku alipofikia umri wa kulipa kodi. Kuzaliwa kwake hakukuandikwa. Ofisi ilimtambua alipokuwa na kitu cha kutoa.

Madaraka yalikwenda mikoani

Uhuru ulikuja na ahadi ya kugeuza safari hiyo. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria. Mabalozi wa nyumba kumi wakawekwa ili mjumbe wa kwanza wa mwananchi awe jirani yake. Mwaka 1966 iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, chini ya uenyekiti wa Erasto Mang'enya, ambayo ilizunguka mikoani kupokea malalamiko ya watu dhidi ya viongozi na maofisa. Afrika haikuwa imeona chombo cha namna hiyo. Serikali ilikuwa imekiri hadharani kwamba mtumishi wake anaweza kumdhulumu mwananchi, na kwamba mwananchi ana haki ya kusikilizwa na mtu asiyekuwa mkubwa wa yule aliyemdhulumu.

Mwaka 1972 likaja badiliko kubwa zaidi, lililoitwa Madaraka Mikoani. Kampuni ya ushauri ya Marekani, McKinsey, ilisaidia kuchora mpango wake. Maofisa wenye elimu na fedha walitolewa Dar es Salaam na kupelekwa mikoani na wilayani ili maamuzi yasogee karibu na watu. Lakini katika hatua hiyo hiyo halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa. Waliosogea walikuwa maofisa, na madiwani wakaondoka. Diwani aliyekuwa akisimama mkutanoni kujibu maswali kuhusu zahanati na barabara nafasi yake ilichukuliwa na kamati ambazo wakubwa wake waliwajibika juu, kwa waliowateua. Hivyo ofisi ilikaribia kwa kilomita na kwenda mbali kwa uwajibikaji.

Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kati ya mwaka 1974 na 1976 operesheni ya vijiji ilipita nchi nzima. Kwa watu waliokaa wametawanyika juu ya matuta, kila ukoo kwenye mlima wake, hili lilikuwa jambo zito. Nyumba ziliachwa, mashamba ya mbali yakageuka msitu, na wanakijiji wakapangwa karibu na barabara, shule na kisima. Sheria ya mwaka 1975 ikavipa vijiji usajili na serikali yake. Ni katika miaka hiyo ya 1970 Ludewa nayo ilimegwa kutoka Njombe na kuwa wilaya inayojitegemea. Kwa mara ya kwanza tangu Langenburg, mkuu wa wilaya, masijala na muhuri vilikuwa upande wa watu wa Ludewa. Leo wilaya ina tarafa tano: Mlangali, Mawengi, Liganga, Masasi na Mwambao.

Haki itendeke kwa wote. Kijiji kilichosajiliwa kilileta shule kwa watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kushika kalamu, na kilikuwa na jina ambalo mpango wa dawa au chanjo ungeweza kulitaja. Lakini amri ilitoka juu, na walioitekeleza walipimwa kwa idadi ya watu waliohamishwa, bila kuulizwa kama udongo wa makazi mapya unakubali mahindi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipohojiwa mwaka 1984, alikiri kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa ambalo asingelirudia. Ni wachache miongoni mwa wakuu wa dola waliowahi kusema hivyo wakiwa bado madarakani. Sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imekwisha kuzirudisha halmashauri za wilaya, na zikaanza kazi tena mwaka huo wa 1984.

Chuma chini ya ardhi, fidia juu ya karatasi

Hakuna jambo linaloonyesha uzito wa faili Ludewa kuliko chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Wajerumani walijua habari za madini ya bonde la Ruhuhu tangu mwishoni mwa karne ya 19. Waingereza wakapima. Serikali huru ikapima tena. Mwezi Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China wa kuchimba vyote viwili, kuzalisha umeme na kuyeyusha chuma. Ilitajwa thamani ya dola bilioni tatu za Marekani. Kampuni ya ubia iliundwa, China asilimia 80 na Tanzania asilimia 20. Kisha miaka ikapita katika mazungumzo ya misamaha ya kodi, bei ya umeme na masharti ya mkataba, na sheria mpya za rasilimali za mwaka 2017 zikataka mikataba ya aina hiyo iangaliwe upya.

Wakati makabrasha yakipita kati ya wizara na wizara, watu wa vijiji vya mradi, Mundindi na Nkomang'ombe, walikuwa wakisubiri. Ardhi yao ilikuwa imeorodheshwa, nyumba na miti imehesabiwa. Mtu aliyethaminiwa hana moyo wa kupanda mti wa miaka kumi wala kuongeza chumba, kwa sababu hajui kama kesho atakuwapo. Hiki ndicho kifungo ambacho watunga sheria walitaka kukifungua katika Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, inayoweka miezi sita ya kulipa fidia na kuufanya uthamini ufe baada ya miaka miwili usipolipwa. Mwaka 2023 serikali ilianza kulipa fidia kwa zaidi ya watu 1,000 wa maeneo ya mradi, jumla ikizidi shilingi bilioni 15.

Kuna jambo la kujifunza hapa. Karatasi iliyowafunga watu hao ndiyo iliyowalipa. Kama nyumba na miti yao isingeandikwa kwa jina la kila mmoja, hakuna kumbukumbu ya mzee ambayo ingekubalika hazina. Dhambi haikuwa kuandika. Dhambi ilikuwa kuandika kisha kunyamaza, mwenye shamba akabaki bila tarehe wala jibu.

Daftari ni la nani?

Mwaka 2012 Mkoa wa Njombe ulizaliwa kutoka Iringa, na makao ya mkoa yakasogea tena karibu na Ludewa. Siku hizi malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo kwenye simu, na risiti hutoka kwenye mashine badala ya kitabu cha mkono. Katika mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kuandikisha watoto chini ya miaka mitano, Njombe ukiwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo, cheti cha kuzaliwa hutolewa bila malipo kwenye ofisi ya kata na kwenye vituo vya afya. Pengo la mwaka 1920 linazibwa: mtoto wa Mwambao anaandikwa kwanza kwa sababu amezaliwa, kabla hajaandikwa kwa sababu anadaiwa.

Ukitazama safari yote, kuanzia rupia tatu za mwaka 1898 hadi cheti cha kuzaliwa, utaona kwamba karatasi ya kuchukua haikuwahi kushindwa na mlima. Kodi ilifika, wakala wa mkonge alifika, amri ya kuhama ilifika. Karatasi ya kutoa ndiyo iliyolalamikiwa kwamba njia ni mbovu: halmashauri iliyovunjwa, fidia iliyosubiriwa, cheti kilichokuja baada ya karne. Kwa hiyo umbali haujawahi kuwa sababu ya kweli. Sababu ni kwamba karani wa kodi aliulizwa na mkubwa wake, na karani wa fidia hakuulizwa na mtu.

Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kijiji nacho ni mali, na daftari lake lipo. Sheria ya serikali za mitaa inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na hapo taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya watu wazima wote. Ndugu msomaji, popote ulipo, Lupingu au Makambako, siku ya mkutano nenda. Keti, omba daftari lisomwe, na usiondoke kabla halijasomwa.